BIM si ile picha inayozunguka

Ukitoka Mamboleo, hapa Kisumu, kuelekea Kiboswa utaona mabango ya majengo yanayotarajiwa: ghorofa jeupe, minazi ambayo huku ni adimu, gari jeusi mlangoni. Picha nzuri, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu unaanza pale mwenye mradi anapotoa simu, anaizungusha ile nyumba kwa kidole, kisha anatangaza, "Sisi tunatumia BIM." Siku hizi hata maforomani wanasema hivyo, na wauzaji wa ploti wamelidaka.

Kwa kifupi, BIM (Building Information Modelling) ni utaratibu wa watu wote wa mradi kuandaa na kutumia taarifa za jengo kwa pamoja, tangu kuchora hadi kulitunza, kupitia modeli ya kompyuta ambamo kila kipande kinajulikana ni nini. Maana ni hiyo tu. Watu hupotelea kwenye hayo maneno ya mwisho.

Katika mchoro wa kawaida wa AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, ukuta ni mistari miwili. Wewe unayesoma ndiye unayejua kwamba ni ukuta. Kompyuta inaona mistari. Picha ya sura tatu nayo ni hivyo hivyo, ila imepakwa rangi na kuwekewa kivuli. Kwenye modeli ya BIM ukuta una unene, kimo, aina ya jiwe, ghorofa uliko na kama unabeba uzito au la. Mlango umekaa ndani ya ukuta fulani: ukiufuta ukuta, mlango unaondoka nao, na orodha ya milango inapungua mmoja bila mtu kuigusa.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wanaojitamba nalo. Mmarekani Charles Eastman alilieleza mwaka 1975, miaka 7 kabla AutoCAD haijatoka. Kilichomkera ni jengo moja kuchorwa mara nyingi, plani huku, mkato (jengo kana kwamba limepasuliwa) kule, hivi kwamba badiliko moja linafuatwa karatasi kwa karatasi na moja lazima isahaulike. Alitaka maelezo mamoja ya jengo, michoro yote itoke humo. Jina tunalolitumia leo lilionekana kwenye makala ya watafiti wawili wa Uholanzi mwaka 1992, likavuma baada ya 2002 kampuni za programu zilipolishika. Hakuna mahali katika chimbuko hilo ambapo mtu alilia kwa kukosa picha ya kumvutia mnunuzi.

Chukua nyumba inayojengwa kwenye ule udongo mweusi wa uwanda wa Kano, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Mmechora msingi wa kina cha mita 1.2. Mhandisi anakuja, anaona udongo mweusi haujaisha, anasema shukeni hadi 1.8. Mitaro ina urefu wa mita 60 na upana wa mita 0.6. Hapo umeongeza mita za ujazo 21.6 za kuchimba na kubeba, na mita za mraba 36 za ukuta wa msingi. Kwa utaratibu wa zamani QS, yaani mkadiriaji wa gharama, anaambiwa kwa simu, anarudia hesabu jioni, na BQ mpya, ile orodha ya vipimo na gharama, inafika wakati vibarua wameshalipwa kwa vipimo vya zamani. Kwenye modeli unabadilisha kina mara moja, na vipimo, mkato wa msingi na orodha ya mawe vinabadilika vyote. Ile picha ya kwenye simu haibadiliki hata kidogo, kwa sababu msingi haumo. Nani anapiga picha ya msingi?

Au bomba la choo la inchi 4. Msanifu amechora choo ghorofa ya kwanza, mhandisi amepitisha boriti chini yake, kila mmoja kwenye karatasi yake, na karatasi zote mbili ni sahihi. Bomba na boriti vinakutana saiti. Fundi wa mabomba anafika slabu ikiwa imeshamwagwa, anaomba nyundo na tindo, anatoboa boriti, akikata ringi mbili tatu, vile vyuma vinavyofunga nondo, ili bomba lipite. Anapiga plasta, na hapo hakuna atakayejua. Modeli za msanifu, mhandisi na fundi wa mabomba zikiwekwa pamoja, programu inaonyesha mgongano huo wakati jengo bado liko kwenye kompyuta. Mimi naona hili peke yake linatosha kulipia gharama ya kujifunza.

Lakini lazima hao watatu waweke kazi yao mahali pamoja, na hapo ndipo wenye "BIM" ya mdomoni hukwama. Ramani zao ziko kwenye kundi la WhatsApp: "final", "final 2", "final ya mwisho tumia hii". Fundi wa nondo alipakua ya Jumanne, wa fomu, yule wa mbao za kumwagia zege, ana ya Ijumaa. Viwango vya kimataifa vya BIM, ISO 19650, vilivyoanza kutoka mwaka 2018, vinatumia nguvu nyingi kwenye jambo hili linaloonekana dogo: hifadhi moja ya mradi, ambamo kila faili inaonekana kama bado inafanyiwa kazi, imetolewa ili wengine waione, imeidhinishwa, au imewekwa kumbukumbu. Saiti haijengi kwa faili ambayo haijaidhinishwa. Uingereza ilipoanza kudai BIM kwenye miradi ya serikali kuu, Aprili 2016, ilidai pia taarifa zikabidhiwe kwa mpangilio uliokubaliwa.

Kuhusu 4D na 5D: modeli ikifungwa na ratiba ya kazi wanaiita 4D, ikiongezwa gharama ni 5D. Zinazofuata, 6D na 7D, kila muuzaji ana maana yake, usipoteze usiku kwa ajili yake.

Wanafunzi wa ujenzi, wa Kisumu, Kakamega hadi Nakuru, nao nawaomba jambo. Kwenye CV mnaandika "ujuzi wa BIM" kwa sababu mmejifunza Revit muhula mmoja. Revit ni programu, kama ArchiCAD. Unaweza kuitumia mwaka mzima kuchora peke yako na usimpe mtu modeli, ukatoa PDF tu. Andika "natumia Revit". Ni ujuzi halali na unalipwa. Ukishawahi kupokea modeli ya mhandisi, ukaiweka juu ya yako, mkagombana kuhusu bomba na mmoja wenu akakubali kulihamisha kabla zege halijamwagwa, ongeza mstari wa pili uandike BIM, na taja mradi wenyewe.