Mbona viluwiluwi wa samaki wa baharini hufa usiku mmoja? Maswali na majibu

Jana jioni viluwiluwi, yaani samaki wachanga waliotoka tu kwenye yai, walikuwa wanaogelea vizuri. Asubuhi chini ya tanki ni mizoga tu. Ni sumu?

Pima kwanza hewa na joto la maji. Vikiwa sawa, shuku bakteria, hasa wa jenasi ya Vibrio, ukoo uleule wa anayeleta kipindupindu kwa binadamu. Kwa samaki anayejulikana zaidi ni Vibrio anguillarum. Jina limetokana na mikunga wa Ulaya, ambao ndio alionekana kwao kwanza. Kwa macho hutamjua. Sampuli ipelekwe maabara ingali mbichi.

Lakini samaki wakubwa wanaotumia maji hayohayo ni wazima.

Wakubwa wana kinga, kiluwiluwi bado hana. Tumwangalie kodi (samaki, si ile ya serikali) anayefugwa Norwei. Anapoanguliwa ana urefu wa milimita 4 hivi na utumbo wake ni kama kibomba kilichonyooka. Uwezo wa kutengeneza kingamwili utakuja baada ya wiki kadhaa. Na kwa kuwa chumvi ya bahari inamkausha, inambidi anywe maji, kwa hiyo bakteria wanafika tumboni kabla hajaonja chakula.

Chakula chenyewe kina hatari?

Sana, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kiluwiluwi hali unga wa dukani. Anataka kitu kinachotembea. Anapewa rotifa, vidudu vya sehemu ndogo tu ya milimita, kisha artemia, vijikamba vidogo vya maji ya chumvi. Rotifa hufugwa kwa msongamano, wakielea kwenye mabaki ya chakula chao, na kila mmoja hubeba bakteria kwa maelfu. Kuwasuuza kwa maji safi ya bahari kabla ya kulisha kunasaidia, ila waliomo tumboni mwa rotifa hawatoki kwa kusuuzwa.

Basi si tuue bakteria wote?

Hata mimi ningedhani hivyo. Mionzi ya urujuanimno (UV) au gesi ya ozoni inaua kweli, lakini chakula cha bakteria kinabaki majini. Ukifyeka shamba ukaliacha wazi, magugu ndiyo hutangulia. Tankini wanaotangulia ni wale wanaozaliana haraka, na Vibrio wengi ni wa namna hiyo. Miaka ya 1990 watafiti wa Trondheim, Norwei, walikwenda kinyume: maji yaliyochujwa waliyapitisha kwanza kwenye chujio lililoota bakteria wapole, wanaokua polepole, wamalize chakula kilichopo ndipo maji yaende kwa samaki. Waliyaita maji yaliyokomaa. Kwa maoni yangu, fedha ya mashine ya kuua vijidudu haina maana kama hatua hii imerukwa.

Dawa na chanjo je?

Antibaiotiki huua na bakteria wema, halafu huzaa usugu wa dawa. Chanjo ya kuchovya, yaani samaki anachovywa kwenye maji yenye chanjo, ipo na inafanya kazi, ila kwa kifaranga (samaki mdogo aliyepita hatua ya kiluwiluwi) aliyekwisha kufika gramu 1 hivi. Kiluwiluwi hafiki hata robo ya hapo. Nchini Denmaki wamejaribu bakteria aitwaye Phaeobacter, anayetoa kemikali inayomzuia Vibrio anguillarum, na vifo vya viluwiluwi wa kodi vikapungua. Hayo ni majaribio ya maabara.

Mimi ninayewahudumia naweza kuambukizwa?

Vibrio anguillarum kwa kawaida si ugonjwa wa watu. Wapo ndugu zake wa baharini wanaoingia kupitia kidonda, kwa hiyo ukiwa na mkato vaa glavu.

Sisi wa Pwani tunafuga mwatiko (milkfish). Yanatuhusu?

Kama unakusanya vifaranga baharini, kipindi kigumu kimeshapita hukohuko, na walionusurika ndio unaowaweka bwawani. Ukiamua kuzalisha mwenyewe, yote haya ni yako, tena kwa kasi, maana kwenye maji yetu ya joto Vibrio huongezeka upesi. Mwatiko naye huanzia kwenye rotifa. Basi tengeneza vizuri tanki la rotifa kabla hujagusa la samaki.