Kwotabeki hapimwi Agosti

Kila Agosti mashabiki wa Bears na Packers, timu za ligi ya futiboli ya Marekani (NFL), hutambiana: kwotabeki wetu, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, kang'ara mechi za maandalizi, wenu kaboronga, basi msimu ni wetu. Hoja hiyo haina mashiko. Mwaka 2008 Detroit Lions walishinda mechi zote 4 za maandalizi, kisha wakapoteza zote 16 za ligi. Cleveland Browns wakayarudia yaleyale 2017! Colts ya kwotabeki Peyton Manning, 2005, ilichapwa zote 5 za maandalizi, halafu ikaanza ligi kwa ushindi 13 mfululizo.

Kwotabeki nyota hucheza dakika chache tu, au hakanyagi uwanjani kabisa. Walinzi huficha mbinu zao, na anayemkimbiza huenda wiki ijayo hana kibarua. Mimi hutazama miguu ya kwotabeki anapobanwa. Ubao wa matokeo nawaachia watani.