Je, wajua kwa nini shule za Marekani huuza miti ya Krismasi?

Wamarekani huadhimisha Sikukuu ya Shukrani Alhamisi ya nne ya Novemba. Jumamosi inayofuata, pita karibu na shule ya sekondari katika mji mdogo wa jimbo la North Carolina, utakuta maegesho ya magari yamegeuka soko. Lori limefunguliwa nyuma, limejaa miti ya kijani iliyobanwa ndani ya neti. Wazazi wenye glavu wanaishusha mmoja mmoja, wanafunzi wanaibeba begani hadi kwenye magari ya wateja, na mezani amekaa mama mwenye orodha ndefu ya majina, anatia alama kwa kila aliyekwisha kuchukua wake. Harufu ya utomvu imetanda. Kati ya watu wote hao wanaohangaika kwenye baridi, hakuna anayelipwa hata senti.

Mtu aliyekulia kwetu lazima ajiulize. Nchi tajiri kiasi hiki, watoto wanauza miti ili wanunue sare za bendi? Na kama fedha zinahitajika kweli, si waitishe harambee, kila mtu atoe alichonacho, mambo yaishe?

Tuanze na fedha zenyewe. Shule za umma za Marekani haziendeshwi na serikali kuu. Sehemu kubwa ya bajeti hutoka kwenye jimbo na kwenye kodi za mji husika, hasa kodi ya nyumba na ardhi. Serikali kuu ya Washington kwa miaka mingi imechangia karibu asilimia 10 au pungufu. Fedha hizo hulipa walimu, mabasi, umeme na majengo. Yanayobaki nje ni yale ambayo mtoto huyakumbuka hadi uzeeni: tarumbeta za bendi, safari ya darasa la mwisho, mavazi ya maigizo, nauli ya timu. Hapo ndipo wazazi huingia. Wala si jambo la jana, kwani chama cha kitaifa cha wazazi na walimu kilianza mwaka 1897, kilipoasisiwa na Alice McLellan Birney na Phoebe Apperson Hearst kikiwa ni kongamano la akina mama.

Harambee nayo ina kikomo chake, na sisi tunakijua vizuri. Anayeombwa leo ndiye aliyeombwa mwezi uliopita. Mzazi mwenye watoto watatu shuleni huombwa mara tatu, na jirani asiye na mtoto hapo haombwi kabisa. Biashara huvunja ukuta huo. Bibi anayeishi mtaa wa pili hatatoa mchango kwa bendi ya shule asiyoijua, lakini akinunua kitu kutoka kwa mjukuu wa rafiki yake, fedha zake zimefika kulekule.

Ndiyo maana watoto wa Marekani wameuza kila kitu: chokoleti, bisi, mishumaa, karatasi za kufungia zawadi. Tatizo la bidhaa hizo ni kwamba mnunuzi hazihitaji. Ananunua kwa huruma, na huruma ikirudiwa mara nne kwa mwaka inachosha. Mti wa Krismasi ni tofauti. Kila mwaka Wamarekani hununua miti halisi takriban milioni 25 hadi 30. Fedha ya mti imekwisha kutengwa nyumbani kabla mtoto hajabisha hodi. Shule haimwombi mtu atumie zaidi, inamwomba abadilishe tu mahali pa kununulia. Kwa maoni yangu hilo ndilo ombi la heshima kuliko yote ambayo shule inaweza kumpelekea jirani.

Lakini kiini cha mpango huu ni kalenda.

Fikiria mfanyabiashara wa kawaida anayeuza miti kando ya barabara. Amenunua miti 500 kwa fedha zake, amekodi kiwanja, amefunga taa, ameajiri vijana. Mvua ikinyesha wikiendi mbili za mwanzo wa Desemba, imekula kwake. Tarehe 24 jioni mti uliobaki unauzwa kwa bei ya kutupa, na tarehe 26 hauna bei, ni takataka ambayo itabidi alipie kuiondoa. Mchuuzi wa nyanya sokoni anaielewa hofu hiyo, ila nyanya zake haziozi zote siku moja.

Shule huikwepa hofu hiyo kwa kuuza kabla ya kununua. Fomu za oda hutoka mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Mtoto huzunguka nazo kwa ndugu, kanisani, kazini kwa mama yake. Mteja analipa siku hiyohiyo. Mapema Novemba kamati inajumlisha, inampigia simu mkulima au kiwanda na kuagiza idadi ile ile iliyokwisha kulipiwa. Mzigo unapofika, kila mti una jina la mwenyewe. Hakuna mtaji uliokopwa, hakuna kilichobaki.

Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme shada la matawi linapatikana kwa bei ya jumla ya dola 18, na shule inaliuza kwa dola 30. Bendi ina watoto 60, kila mmoja amepata oda 10. Hayo ni mashada 600, na faida ni dola 7,200. Fedha za kumlipa mkulima zimetoka kwa wateja, si kwenye mfuko wa shule. Darasa ambalo halikuwa na hata dola 100 mwezi wa tisa linaweza kufanya biashara hiyo yote.

Nimetaja shada, na hapa inafaa nieleze kidogo. Kwetu ukisema shada, mtu anafikiria msiba: maua yaliyosukwa duara na kuwekwa juu ya kaburi. Amerika ya Kaskazini, shada la Krismasi hutundikwa kwenye mlango wa mbele likiwa na utepe mwekundu, kama salamu kwa mgeni. Kwa shule, shada lina faida ambazo mti hauna. Ni jepesi, na kipimo cha kawaida ni kama sentimita 55 hadi 60 kwa upana. Gari moja la mwalimu hubeba makumi. Linaingia kwenye katoni na kutumwa kwa posta, kwa hiyo hata babu aliye Florida, maelfu ya kilomita kutoka shuleni, anaweza kuwa mteja. Tena halihitaji maji: likining'inia nje kwenye baridi hudumu wiki nyingi.

Mengi ya mashada hayo hutoka jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa, hasa Kaunti ya Washington iliyo pwani karibu na mpaka wa Kanada. Kule huota kwa wingi mberoshi wa balsamu, mti wenye harufu nzuri ambayo Wamarekani wengi huiita kwa jina moja tu, harufu ya Krismasi. Wakusanyaji huingia msituni mwezi wa kumi na moja na kuvunja ncha za matawi kwa mkono. Hawaanzi mapema. Husubiri kwanza usiku kadhaa wa baridi ya kugandisha, kwa sababu baridi ile ndiyo inayokaza majani kwenye tawi. Tawi lililovunjwa kabla ya sakitu hupukutisha majani yake mlangoni kwa mteja, na mwaka unaofuata mtoto akirudi na fomu atafungiwa mlango. Ncha hizo hukusanywa vifungu vidogovidogo na kubanwa kwenye pete ya waya, kimoja kikilalia shina la kingine mpaka duara litimie. Kazi hii hufanywa kwa mikono hadi leo, na viwanda vya huko hutegemea pia vibarua wanaohama kwa misimu.

Hata shirika maarufu linaloweka mashada kwenye makaburi ya wanajeshi, Wreaths Across America, lilichipuka kutokana na tatizo lilelile la mzigo kubaki. Mwaka 1992 mfanyabiashara wa mashada wa Maine, Morrill Worcester, alijikuta na ziada msimu ukiwa unaisha. Badala ya kuyatupa, aliyapeleka takriban 5,000 kwenye makaburi ya wanajeshi ya Arlington, karibu na mji mkuu, Washington. Leo vikundi vya skauti na vya shule hutafuta wafadhili wa mashada hayo, na kwa kila shada kikundi kinaweza kubakiwa na dola 5. Hapo shada linarudi kwenye maana tunayoijua sisi.

Sasa turudi kwenye wale wazazi wasiolipwa. Mtu anaweza kuuliza: shule ikiuza bidhaa, si inakuwa duka? Mbona haitozwi kodi ya mapato kama maduka mengine? Sheria ya kodi ya Marekani ina jibu zuri. Shirika lisilo la faida likifanya biashara iliyo nje ya kazi yake, kwa kawaida faida hiyo hutozwa kodi. Lakini ikiwa karibu kazi yote imefanywa na watu wa kujitolea bila malipo, biashara hiyo haihesabiwi hivyo. Kwa maneno mengine, yule baba anayeshusha miti bure anaiokolea shule ujira, na vilevile jasho lake ndilo linaloilinda faida isitozwe kodi hiyo. Mlipe kila mtu, na hesabu nzima itabadilika.

Sheria hiyohiyo ina upande mwingine ambao wazazi wengi huukosea. Inaonekana ni haki kwamba mtoto aliyeuza mashada 40 apunguziwe nauli ya safari kuliko aliyeuza mawili. Mwaka 2013 mahakama ya kodi ya Marekani iliamua kesi ya klabu moja ya wazazi wa wanajimnastiki huko Virginia, ambayo ilikuwa ikimpa kila mzazi pointi kulingana na alichouza, na pointi zile zilipunguza ada ya mwanawe tu. Mahakama ikasema hiyo si hisani, ni mzazi kujifanyia kazi mwenyewe, na klabu ikapoteza msamaha wa kodi. Mimi naona mahakama iliona mbali. Mtoto ambaye ndugu zake wote wako Goma au Kigoma hana bibi wa mtaa wa pili wa kumuuzia. Fedha zikiingia kapu moja, naye anasafiri na wenzake.

Kuhusu miti yenyewe, usidhani hukatwa msituni kama tawi la saipresi tunalopamba sebuleni kwetu. Ni zao la shamba. Mberoshi wa Fraser, unaopewa jina la mtaalamu wa mimea wa Scotland, John Fraser, kwa asili huota juu ya vilele vya milima ya Appalachia ya kusini tu, na wakulima wa magharibi mwa North Carolina wameufanya zao lao kuu la Desemba. Mche hukaa kitaluni miaka mitatu hadi mitano, kisha shambani miaka mingine saba au zaidi, ukipogolewa kila kiangazi ili upate umbo la pia iliyopinduliwa. Ukijumlisha, mti unaofika kichwani kwa mtu mzima una umri unaokaribia ule wa mtoto wa shule anayeubeba.

Umri huo una madhara mfukoni. Uchumi ulipoanguka mwaka 2008, watu walinunua miti michache, na wakulima nao wakapanda miche michache. Hakuna aliyeliona pengo hilo wakati ule. Lilionekana miaka minane, kumi baadaye, miti mikubwa ilipoadimika na bei ikapanda. Kamati za shule zilizokuwa na bei yao ya zamani kwenye fomu zikakuta faida imemomonyoka kwa sababu ya uamuzi uliofanywa shambani wakati watoto wao wako chekechea. Kamati yenye akili huzungumza na mkulima kabla ya kuchapisha fomu, si baada.

Kuna shule zenye watoto wa dini nyingi, na neno Krismasi peke yake halimjumuishi kila mtu. Baadhi huandika mti wa sikukuu, baadhi huongeza maua kwenye orodha, hasa poinsetia, lile la majani mekundu. Vilabu vya kilimo vya shule za vijijini wakati mwingine huyaotesha wenyewe kwenye banda la kioo. Mzazi Mwislamu asiyenunua mti hana lawama yoyote, na wapo wanaokuja kushusha lori tu, kwa kuwa tarumbeta itapigwa na mtoto wao pia.

Lisilopendeza, na lazima lisemwe, ni kwamba mtindo huu huzipa zaidi shule zilizo na majirani wenye fedha. Mtaa wa nyumba kubwa hununua miti mirefu na mashada mawilimawili. Mtaa wa vyumba vya kupanga, ambako wengi hutumia mti wa plastiki mwaka hadi mwaka, hununua kidogo, ingawa mara nyingi watoto wa huko ndio wanaoihitaji zaidi bendi yenye vyombo vizima. Kujitolea kwa wazazi hakuwezi kuziba pengo hilo. Hiyo ni kazi ya kodi.

Sikukuu zikipita, mti uliouzwa Novemba huwa haujamaliza kazi. Wiki ya kwanza ya Januari vikundi vya skauti na vya shule hupita mitaani na malori kukusanya miti iliyokauka, na mwenye nyumba hutoa dola chache ili asihangaike nao. Mingi husagwa ikawa matandazo ya bustani. New Jersey, baadhi ya miji ya pwani huilaza ufukweni ili inase mchanga na kujenga upya vilima vilivyomegwa na dhoruba. Louisiana huitumia kwenye vinamasi vya pwani kupunguza nguvu ya mawimbi. Mtoto aliyeubeba mti ule begani kwenda kwenye gari la jirani huubeba tena kutoka, na dola za mara ya pili huingia katika kapu lilelile la bendi.