Mbuyu Haujafa: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Nchi ya Dodoma

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa basi mwezi Oktoba, akishapita Gairo na kuikaribia Kibaigwa, huiona nchi ikibadilika rangi: nyasi zimekauka, vumbi limetanda, na mibuyu imesimama mitupu kana kwamba imeunguzwa. Hapo ndipo zinapozaliwa dhana nyingi kuhusu Dodoma, kwa sababu wengi huiona mara moja tu, tena wakati wa kiangazi, kisha huihukumu kwa mwaka mzima. Sisi tunaoishi huku tumezizoea dhana hizo. Zipo zinazohusu miti, zipo zinazohusu udongo, na zipo zinazohusu watu wenyewe, nazo hizo ndizo zinazoumiza zaidi.

Nianze na mbuyu, kwa kuwa ndio unaomlaki mgeni. Wapo wanaoamini kwamba mbuyu usio na majani umekufa, na wapo wanaosema kwamba shina lake ni pipa ambalo mtu mwenye kiu anaweza kulitoboa akanywa. Ukweli ni kwamba mti huu huangusha majani ili kuyaokoa maji yake, maana majani ndiyo njia kuu ambayo mti hupotezea maji, na chini ya gome lake la nje kuna tabaka la kijani linaloendelea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua hata matawi yanapokuwa hayana kitu. Maji yamo kweli ndani ya shina, lakini yameshikwa na nyama ya mti iliyo laini kama sifongo, wala hayatiririki. Yale yanayokutwa katika mibuyu yenye mapango ni maji ya mvua yaliyoingia kutoka juu. Miti mingi ikibanduliwa gome kulizunguka shina hufa, ilhali mbuyu huotesha gome jipya, ndiyo maana mibuyu mingi vijijini ina makovu ya watu waliochuna nyuzi za kusokotea kamba na bado kila mwaka inazaa ubuyu. Maua yake meupe hufunguka jioni, na popo walao matunda ndio wanaosaidia kuyachavusha gizani. Wala si kweli kwamba unene wa shina unatosha kuonyesha umri: mibuyu mingi minene imetokana na mashina kadhaa yaliyoungana, na mingi yao ina uwazi katikati, hivyo wataalamu hutegemea upimaji wa kaboni badala ya kuhesabu miviringo ya mwaka.

Dhana ya pili ni kwamba Dodoma ni jangwa. Wanajiografia wengi huita jangwa mahali panapopata mvua isiyofikia milimita 250 kwa mwaka, na Dodoma hupata wastani wa karibu milimita 550 hadi 600. Tatizo letu liko katika namna mvua hiyo inavyokuja: karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa vishindo vichache vikubwa, na wiki mbili za ukavu katikati ya Februari zinaweza kuharibu shamba ambalo takwimu za mwaka zingesema limepata maji ya kutosha. Hata jina la mji linaipinga dhana hii, kwani simulizi ya Wagogo, wenyeji wa nchi hii, inaeleza kwamba tembo aliyekwenda kunywa maji alizama kwenye tope, na watu wakasema "idodomya", yaani amezama. Kule Bahi, mwendo mfupi kutoka mjini, wakulima hulima mpunga bondeni. Nazo zabibu, ambazo wengi hudhani zinahitaji nchi za baridi, hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ukavu wa hewa huzipunguzia magonjwa ya ukungu.

Kutokana na dhana hiyo ya jangwa huja nyingine, kwamba mkulima wa Ugogo hana maarifa na kwamba angepata mashine na wataalamu njaa ingekwisha. Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilianza huko Kongwa mradi wa karanga uliokusudiwa kuenea katika zaidi ya ekari milioni tatu za Tanganyika na nchi jirani. Yaliletwa matingatinga, matrekta na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'olea vichaka. Mizizi ya vichaka na mibuyu iliivunja mitambo hiyo, mvua haikufuata ratiba ya wapangaji, na udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi, ulikuwa ukigeuka mgumu kama saruji mara baada ya mvua kukatika, na karanga ni zao linalokomaa ardhini na lazima lichimbuliwe. Januari 1951 mradi ulitangazwa kuwa umeshindwa, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Wakati huohuo majirani wa mradi waliendelea kulima uwele na mtama, mazao yanayoweza kusubiri mvua iliyochelewa, katika mashamba madogo ambayo mtu akiona mbegu za kwanza zimekauka huweza kuzipanda tena. Leo katika wilaya hiyohiyo ya Kongwa lipo soko la mahindi la Kibaigwa, ambalo wafanyabiashara wa nafaka wa nchi nzima wanalijua.

Jambo ninalotaka kulikalia zaidi ni njaa, kwa sababu jina la Ugogo limefungwa nayo kana kwamba ni sehemu ya hali ya hewa. Husemwa kwamba mvua ikikosekana watu hufa, basi. Wagogo wenyewe hawakuwahi kuliona jambo hili kwa wepisi namna hiyo. Waliipa kila njaa kubwa jina lake, na jina lilibeba sababu pamoja na kumbukumbu. Ile iliyoitwa Mtunya, ya kuanzia mwaka 1917 hadi 1920, inakadiriwa kuwa iliua watu 30,000 kati ya wakazi wapatao 150,000, yaani mtu mmoja katika kila watano. Mvua zilikuwa mbaya, ni kweli, lakini kabla ya mvua kukosekana Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha kupita huku. Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi, walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mwezi Julai 1916 majeshi yaliyo chini ya amri ya Waingereza yaliuteka mji wa Dodoma, nayo yakachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Ghala zilikuwa tupu na zizi halina kitu wakati ukame ulipofika, na mara baada yake ukaja ugonjwa wa mafua makali uliozunguka dunia mwaka 1918.

Katika miaka ya kawaida ukame ulikutana na watu waliojiandaa. Mfugaji hakuweka ng'ombe wake wote katika zizi moja, bali aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa vijiji vya mbali, ili mvua ikikosa huku, kule abaki na kitu. Familia zilikwenda kuhemea, yaani kutafuta chakula kwa watu wenye mavuno, wakibeba mifugo au nguvu zao za kazi, wakijua kwamba mwaka mwingine wao ndio watakaohemewa. Vita vilivunja mtandao huo wote kwa mpigo, na ndiyo sababu sikubali Mtunya uandikwe katika hesabu ya mawingu peke yake.

Kuhusu makorongo ya Kondoa, kaskazini mwa mkoa huu, wengi walidhani ardhi iliyochimbika kiasi kile haiwezi kurudi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi; nyasi na vichaka viliota tena, ingawa gharama yake ililipwa na wafugaji waliolazimika kuhama na mifugo yao.

Huko huko Kondoa, juu ya kijiji cha Kolo, imo michoro ya miambani, katika maeneo zaidi ya 150, iliyotambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2006. Wapo wanaosema kwamba ni alama za mali zilizofichwa na Wajerumani, na kwa imani hiyo watu wamechimba chini ya miamba usiku. Twiga, pofu na watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu ni kazi ya wawindaji walioishi hapa kabla Mjerumani yeyote hajaujua mlima huu, na katika pango la Kisese, katika milima hiyohiyo, zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Mongomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo hayo ya michoro, bado ni mahali ambapo wenyeji hufanya matambiko ya kuomba mvua. Shanga hizo zilijulikana umri wake kwa sababu tabaka za udongo zilikuwa zimelala kwa mpangilio wake, moja juu ya nyingine, na anayechimba usiku kutafuta dhahabu huzichanganya tabaka hizo kwa jembe lake, zisiweze kusomwa tena.