Draiva ya mtandao "kuganda" ni nini, na kwa nini huja baada ya kubadili Windows?

Draiva na dereva ni neno moja, tumelichukua mara mbili: kwanza kwa mtu wa basi, halafu kwa programu. Wenye Kiswahili cha vitabuni husema kiendeshi. Ni programu ndogo inayokaa kati ya mfumo wa kompyuta, uwe Windows au Linux, na kifaa kama kadi ya Wi-Fi. Mfumo haujui lugha ya kadi ya kila kiwanda. Draiva ndiyo mkalimani.

Kuganda ni hivi. Data inayotoka hupangwa foleni. Draiva huikabidhi kadi, na kadi ikimaliza hupiga kengele: tayari, lete nyingine. Kengele isipolia, foleni inajaa na hakuna kinachosogea. Kadi haijafa. Hata alama ya Wi-Fi inaweza kuendelea kuonyesha umeunganishwa, ndiyo maana mteja akifika huwa ameshanunua bando mara mbili. Linux kwa kawaida husubiri sekunde 5 tu, kisha huandika lalamiko kwenye kumbukumbu zake na kuiambia draiva ijaribu kuianzisha kadi upya.

Kwa nini baada ya kubadili toleo? Hapa Dodoma stendi kuu ya mabasi iko Nanenane. Dereva aliyeijua Dodoma enzi za stendi ya mjini kati, akirudi leo bila kuuliza, atashusha abiria pasipo na basi. Gari ni zima na yeye hajasahau kuendesha. Stendi ndiyo iliyohama. Draiva iliyoandikwa kwa toleo la zamani nayo hutegemea milango fulani ndani ya mfumo, na toleo jipya huweza kuihamisha.

Sababu nyingine, na ndiyo ninayokutana nayo zaidi, ni kubana umeme. Toleo jipya linailaza kadi ili betri idumu, kadi inagoma kuamka. Dalili yake haifichiki: ukifunika laptopu na kuifunua, mtandao umekufa, ukiizima na kuiwasha, umerudi.

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wanahamia Windows 11, na kesi hizi zinanijia sana. Kabla ya yote, jaribu Wi-Fi ile ile kwa simu. Simu ikipata na laptopu ikakosa, acha ruta ya watu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, halafu M. Itafunguka orodha ya vifaa. Fungua kadi yako ya mtandao, na kwenye ukurasa wa umeme, kama upo, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima. Ikishindikana, bonyeza kitufe cha kurudisha draiva ya awali (Roll Back Driver). Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna ya awali iliyotunzwa, itabidi upakue nyingine kwa mtengenezaji wa laptopu, kwa modeli yako hasa. Zile programu za "kutafuta draiva zote" mimi siziruhusu mezani kwangu.

Utapakuaje bila mtandao? Chomeka simu kwa waya wa USB, ushee data. Njia hiyo hutumia draiva nyingine kabisa, haipiti kwenye kadi iliyoganda. Yote yakigoma, Windows 11 kwa kawaida hukuruhusu kurudi toleo la nyuma ndani ya siku 10, kwa hiyo usije siku ya 11.