IQ sio namba unayozaliwa nayo

Watu wengi bado wanaamini mtoto akipimwa IQ, yaani namba ya kiwango cha akili, mara moja basi imeisha, huyu kichwa, huyu kilaza, mpaka anazeeka. Cha ajabu aliyeanzisha hivi vipimo hakuamini hivyo kabisa. Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitoa kipimo chao Paris mwaka 1905, lengo likiwa kujua watoto gani shuleni wanahitaji msaada zaidi. Maswali ya kawaida tu: mtoto mdogo anawekewa kipande cha chokoleti na kipande cha mbao waone kama atajua kipi kinaliwa, mwingine anaambiwa arudie tarakimu tatu. Na mwaka 1909 Binet aliwapinga waziwazi waliosema akili haiongezeki, akapendekeza mazoezi ya umakini na kumbukumbu. Hata jina IQ sio lake, ni la Mjerumani William Stern, 1912, Binet kashafariki, halafu 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford ndo akaipa umaarufu Marekani huku yeye akiamini sana kwamba akili ni ya kurithi. Kurithi kupo, sikatai, ila namba ya mtoto wa miaka 4 inaweza kupanda au kushuka vizuri tu akifika 12, maana shule inachangia, lishe inachangia, hata madini joto kwenye chumvi.