Mpango mkakati katika taasisi za umma na asasi zisizo za kiserikali: kazi ya kuchagua

Chukua mpango mkakati wa taasisi yoyote, ufute jina la taasisi hiyo kila linapotokea, kisha umpe mtu asiyeifahamu asome orodha ya malengo. Akikutana na kuboresha utoaji wa huduma, kujenga uwezo wa watumishi, kuimarisha ushirikiano na wadau na kuongeza matumizi ya tehama, hataweza kusema kama anasoma mpango wa hospitali, wa mamlaka ya maji au wa asasi inayotetea haki za wajane. Hakuna ubaya katika malengo hayo, ila hakuna taasisi inayoweza kuyakataa, na lengo ambalo hakuna anayeweza kulikataa halimsaidii mkurugenzi siku anapolazimika kuamua ni kituo kipi kiendelee na kipi kifungwe. Makala haya yanahusu kinachoufanya mpango uwe wa kimkakati kweli, hasa katika vyombo ambavyo havikuundwa ili vipate faida.

Kupanga kwa namna hii kuliingia serikalini kwa kishindo mwaka 1961, wakati Robert McNamara, aliyetoka kuiongoza kampuni ya magari ya Ford na kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alipoanzisha wizarani mfumo wa kuunganisha mipango, programu na bajeti. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson aliagiza mfumo huo utumike pia katika taasisi nyingine za serikali kuu, na kufikia 1971 agizo hilo lilikuwa limeachwa, isipokuwa katika Wizara ya Ulinzi yenyewe, ambayo iliendelea nao kwa sura zilizorekebishwa. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini moja ina uzito hadi leo: wachambuzi waliandaa majedwali marefu kwa mpangilio wa programu, ilhali Bunge la nchi hiyo liliendelea kuidhinisha fedha kwa mafungu yake ya zamani, hivyo uamuzi wenye nguvu ukabaki upande mmoja na makabrasha ya mpango upande mwingine. Sheria iliyopitishwa mwaka 1993 ilijaribu njia tofauti kwa kuzitaka taasisi za serikali kuu ziwe na mpango mkakati wa angalau miaka 5, mpango wa utendaji wa kila mwaka na taarifa ya matokeo. Marekebisho yake ya mwaka 2010 yalifungamanisha mpango huo na muhula wa rais wa miaka 4. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara, kwa kuwa mpango ambao uongozi uliopo haukuuandaa hukosa mtetezi pale fedha zinapopungua.

Kwa nini umma hauigi biashara moja kwa moja

Kampuni inaweza kuacha kumhudumia mteja asiyeiletea faida. Hospitali ya umma haiwezi kumfukuza mgonjwa kwa sababu matibabu yake ni ghali, na shule ya serikali haiwezi kuamua kwamba watoto wa eneo fulani si soko lake. Majukumu ya taasisi ya umma yamewekwa na sheria iliyoiunda, na ndiyo maana hatua ya kwanza ya kuandaa mpango, ambayo kwa mshangao wangu hurukwa mara nyingi, ni kuketi na sheria hiyo, kanuni zake na hati ya kuanzishwa kwa chombo, na kutenganisha mambo matatu: yale ambayo taasisi inalazimika kuyafanya, yale inayoruhusiwa kuyafanya, na yale inayoyafanya kwa mazoea tu. Fungu la tatu huwa kubwa kuliko watu wanavyotarajia. Asasi isiyo ya kiserikali ina uhuru zaidi, lakini nayo inafungwa na katiba yake, na mara nyingi inafungwa zaidi na masharti ya mikataba ya ufadhili.

Tofauti ya pili ni kwamba anayelipa na anayehudumiwa si mtu mmoja. Mnunuzi asiyeridhika na bidhaa huacha kuinunua, na muuzaji hupata ujumbe siku hiyo hiyo. Mkulima asiyeridhika na huduma ya ugani hana njia kama hiyo, kwa sababu huduma hiyo inalipiwa na kodi au na mfadhili aliye mbali, na inaweza kuendelea kwa miaka mingi bila kumfaa mtu yeyote. Mark Moore wa Chuo Kikuu cha Harvard aliliweka suala hili katika pembetatu inayotumiwa sana tangu miaka ya 1990: kiongozi wa chombo cha umma hana budi kuonyesha kwamba anachokusudia kina thamani kwa umma, kwamba kina uhalali na uungwaji mkono wa wenye mamlaka na wenye fedha, na kwamba taasisi ina uwezo wa kukitekeleza. Pembe moja ikikosekana, jambo halisogei. Mipango mingi ninayoisoma hueleza pembe ya kwanza kwa kurasa nyingi na kuziacha mbili zilizobaki zijitegemee.

Masuala ya kimkakati

Moyo wa kazi yote uko katika kutambua masuala ya kimkakati. Kinachofanyika kwa kawaida ni warsha ya siku chache ambapo washiriki huorodhesha nguvu, udhaifu, fursa na changamoto za taasisi katika visanduku vinne, kisha orodha hizo huingizwa kwenye mpango kama zilivyo na hakuna anayezitazama tena. Uchambuzi huo ni malighafi tu. Thamani yake huonekana pale waandaaji wanapouliza ni mahali gani udhaifu fulani unakutana na mabadiliko fulani ya nje kiasi cha kuhatarisha sababu ya taasisi kuwepo.

Suala la kimkakati lililoandikwa vizuri lina sifa tatu. Limeandikwa kama swali ambalo taasisi yenyewe ina uwezo wa kulifanyia kitu. Linaeleza ni nini katika majukumu, mazingira au rasilimali kinacholifanya liwe suala. Tena linasema madhara yatakayotokea likiachwa. Tuchukue asasi ya kufikirika inayowahudumia watoto wenye ulemavu. Kuandika kwamba “rasilimali fedha hazitoshi” ni kulalamika, kwa sababu hakuna asasi ambayo fedha zinaitosha. Sasa tuulize hivi: je, tuendelee kuendesha vituo vyetu wenyewe, vinavyowapa watoto wachache huduma ya hali ya juu, au tuhamishie watu na fedha kwenye kuwaandaa walimu wa shule za kawaida ili watoto wengi zaidi wafikiwe kwa kiwango cha chini kidogo? Swali hilo linauma. Majibu yote mawili yana heshima, fedha hazitoshi kwa yote mawili, na ndani ya asasi hiyo hiyo kuna watumishi ambao ajira zao zinategemea jibu la kwanza. Kama hakuna mtu chumbani aliyenyamaza au kukunja uso wakati suala linasomwa, huenda bado halijapatikana.

Namna ya kulijibu ni kuandika njia mbadala, kikwazo kikuu cha kila moja, gharama zake na dhana zinazoitegemeza. Dhana ndizo hupuuzwa zaidi. Katika mfano wetu, njia ya pili inasimama juu ya dhana kwamba walimu waliopewa mafunzo watabaki katika shule zile zile na kwamba wakuu wa shule watawapa muda wa kuyatumia. Dhana hizo zikiandikwa wazi zinaweza kuchunguzwa ndani ya mwaka wa kwanza, ilhali zikibaki vichwani mwa waandaaji, asasi itagundua kosa lake wakati wa tathmini ya mwisho.

Lengo kubaki, njia kubadilika

Mfano mzuri kuliko yote ninayoifahamu ni wa kutokomeza ndui. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza mpango wake ulioimarishwa, ukiongozwa na D. A. Henderson, wakati ugonjwa huo ulikuwa bado umekita mizizi katika nchi zaidi ya 30. Mpango ulitaja kuwafuatilia wagonjwa, lakini uzito wake ulikuwa kwenye chanjo ya halaiki, na kipimo kilichozoeleka kilikuwa kuwafikia asilimia 80 ya watu. Mwishoni mwa 1966 daktari Mmarekani William Foege alikuwa akifanya kazi mashariki mwa Nigeria mlipuko ulipotokea na chanjo haikutosha kwa kila mtu. Yeye na wenzake wakatafuta wagonjwa walipo, wakawachanja waliowazunguka na wale wa maeneo ambako ugonjwa ungeweza kuelekea, na maambukizi yakakatika bila kungoja idadi kubwa ya watu ichanjwe. Njia hiyo ya kusaka na kuzingira ilipanuliwa Afrika Magharibi na baadaye Asia. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida aliugua Merca, Somalia, Oktoba 1977, na Mei 1980 dunia ikatangazwa kuwa huru dhidi ya ndui.

Tuangalie kilichobadilika na ambacho hakikubadilika. Lengo lilibaki lile lile. Njia ilibadilishwa na watu waliokuwa uwandani kwa sababu ya uhaba, na ngazi za juu zikawa na busara ya kuipokea badala ya kuwauliza kwa nini hawajafikisha idadi. Kipimo nacho kilihama, kutoka idadi ya waliochanjwa hadi idadi ya wagonjwa waliosalia. Katika taasisi nyingi taarifa ya robo mwaka ingeendelea kuhesabu chanjo, na timu hiyo ingeandikiwa kwamba utekelezaji wake uko chini ya shabaha.

Hutokea pia lengo lenyewe likatimia, jambo ambalo asasi chache hujiandaa kwalo. Asasi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1938 kwa juhudi za Rais Franklin Roosevelt ili kupambana na polio, inayojulikana kwa jina la March of Dimes, iligharamia utafiti uliozaa chanjo ya Jonas Salk, iliyotangazwa kuwa na ufanisi mwaka 1955. Miaka mitatu baadaye asasi hiyo ikaelekea kwenye kasoro za kuzaliwa, ikiutumia mtandao wake wa wahisani na wanasayansi kwa kazi mpya. Ingeweza pia kufungwa kwa heshima. Bodi ya asasi yoyote inapaswa kuweka uwezekano huo mezani, ingawa najua ni bodi chache zinazopenda kuujadili.

Vipimo na fedha

Viashiria vya mpango hugawanyika katika mazao na matokeo. Idadi ya walimu waliohudhuria mafunzo ni zao. Mtoto aliyekuwa akikaa nyumbani na sasa anasoma darasani ni tokeo. Mazao ni rahisi kuhesabu, yako chini ya udhibiti wa taasisi, na ndiyo maana hujaza majedwali. Matokeo huchelewa na huchangiwa na wengine, hivyo taasisi haiwezi kudai kuwa yote ni kazi yake, lakini bila kiashiria kimoja au viwili vya matokeo kwa kila lengo hakuna njia ya kujua kama njia iliyochaguliwa inafaa.

Shabaha nazo zina tabia yake. Katika miaka ya 2000 idara za dharura za hospitali za umma za Uingereza ziliwekewa shabaha kwamba asilimia 98 ya wagonjwa wawe wamehudumiwa na kuondoka au kulazwa ndani ya saa 4. Muda wa kusubiri ulipungua kweli. Hata hivyo takwimu zilionyesha pia wagonjwa wengi wakiondolewa katika idara hizo dakika chache kabla ya saa 4 kutimia, ishara kwamba baadhi ya uamuzi ulifuata saa ya ukutani kuliko hali ya mgonjwa. Kiashiria kinachobeba zawadi au adhabu kinahitaji kiashiria cha pili cha kukilinda, kwa mfano wagonjwa wanaorudi ndani ya siku chache.

Kuhusu fedha, jaribio ni fupi. Weka mpango na bajeti ya mwaka unaofuata kando kwa kando, utafute fungu lililopungua. Kama kila idara imepata ilichopata mwaka jana na nyongeza ndogo, basi uchaguzi haukufanyika, hata kama kitabu cha mpango kimechapwa kwa rangi. Kwa asasi kuna ugumu wa ziada, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha huja na masharti ya mradi mmoja. Asasi isiyojua ni kiasi gani cha mapato yake hakina masharti haijui ina uhuru wa kuchagua kiasi gani, na inaweza kujikuta ikifuata mialiko ya maandiko ya miradi mwaka hadi mwaka huku mpango wake ukingoja kabatini.

Mshauri elekezi anaweza kusaidia kuendesha mijadala na kuwauliza wakubwa maswali ambayo watumishi hawathubutu, lakini akiachiwa kuandika majibu peke yake atakuja na malengo aliyowaandikia wengine. Ushirikishwaji wa wadau nao usigeuke kuwa njia ya kuingiza ombi la kila aliyehudhuria, kwa kuwa mtu aliyesikilizwa anastahili pia kuelezwa kwa nini pendekezo lake halikuchukuliwa.

Wakati wa mapitio, ambayo ni vyema yafanyike kila robo mwaka kwa ufupi na kwa kina katikati ya kipindi, bodi na menejimenti hutumia muda mwingi kusikiliza asilimia za utekelezaji. Muda huo ungetumika vizuri zaidi kupitia dhana zilizoandikwa mwanzoni, moja baada ya nyingine, na kusema ipi bado inasimama na ipi imeanguka, kisha kuamua shughuli ipi isitishwe na fedha zake ziende wapi. Uamuzi huo na sababu zake viambatishwe kwenye mpango, ili watakaoandaa unaofuata, ambao pengine hawatakuwa watu wale wale, wasilazimike kuanza kubahatisha.